Mafundi wa laptopu, kama Linux hamuijui semeni! Nimefutiwa kazi yangu yote

Wakuu, leo salamu mtanisamehe, nina hasira.

Laptopu yangu ina mifumo miwili ya kuendesha mashine, Windows 10 kwa mahesabu ya ofisi na Ubuntu, aina ya Linux, ambayo ndiyo inanilisha. Kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025, nikataka kuhamia 11, ila kwanza nipate bakapu ya uhakika. Nilibanwa na kazi, nikampelekea fundi mmoja Kariakoo pamoja na diski mpya ya nje ya TB 1. Duka silitaji, msinifuate PM. Nilimwambia wazi: "Fanya bakapu ya mashine nzima, Windows na Linux, kingine usiguse." Akasema, "Boss, hiyo kazi ndogo, njoo saa kumi." Elfu thelathini ikatoka hapo hapo.

Nafika nyumbani naiwasha, linakuja giza limeandikwa grub> na kimstari kinapepesa. Kumpigia, eti "hiyo itakuwa virusi." Virusi gani? Hiyo grub ndiyo menyu ya kuchagua mfumo, na inasoma mafaili yaliyo kwenye partisheni ya Ubuntu, yaani kipande chake cha diski. Ukiifuta partisheni, menyu haina cha kusoma, inabaki kukutolea macho. Nikaingilia Windows kupitia BIOS, ile mipangilio ya mwanzo ya mashine, nikakuta diski E, tupu kabisa, jina New Volume. Ubuntu yangu ilikuwa hapo!

Nachomeka diski ya nje nikiomba Mungu. Kuna folda moja tu, BAKAPU YOTE, ndani Desktop, Documents, Downloads na Pictures za Windows. Basi. Kukopi na kupesti ndiyo elfu thelathini?

Utetezi wake sasa: "Ile sehemu ilikuwa haina kitu, Windows yenyewe iliomba ifomatiwe." Ndugu yangu, Windows haisomi ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux! Partisheni ya Linux inaonekana haina herufi, ukiipa herufi inakuambia fomati kwanza. Haina maana ni tupu. Na mtu kakwambia kwa mdomo wake kuwa Linux imo humo, wewe unabonyeza tu!

Kinachoniuma zaidi, hata angekopi mafaili yangu ya Ubuntu bado angeyavuruga, maana ile diski imetoka dukani na exFAT, mpangilio mwingine ambao hautunzi ruhusa za mafaili ya Linux wala viungo vyake. Ukirudisha mfumo namna hiyo hauwaki. Kazi yenyewe wala si ya kishujaa: unazima Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows) ili Windows ijifunge kweli kweli, unaandika pembeni namba 48 za BitLocker, kufuli la diski la Windows, kama imewashwa, unawasha mashine kwa flashi yenye Clonezilla, programu ya kunakili diski, unachagua diski nzima siyo partisheni moja. Inachukua Windows, Ubuntu na ile partisheni ndogo ya EFI ambayo bila hiyo hakuna kinachowaka. Clonezilla ni ya bure. Angeiacha inakopi akaenda kula chipsi zake.

Nimedai pesa yangu, ananiambia kosa ni langu, "nani anaweka mifumo miwili kwenye mashine moja?" Nimemjibu maneno ambayo modi angeyafuta.

Laptopu nimeizima, siiwashi tena, kila kinachoandikwa kwenye hiyo E kinakalia mafaili yangu. Nataka nitoe kopi ya diski yote kwanza, ndipo TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha vilivyofutika, zifanye kazi juu ya kopi. PhotoRec najua inarudisha mafaili bila majina yake, na mimi nina maelfu ya mafaili ya kodi za programu, kwa hiyo naiweka mwisho. Kama yupo aliyewahi kurudisha ext4 iliyofomatiwa kuwa NTFS, mpangilio wa Windows, kwa haraka haraka, aseme alianzia wapi. Na wale wa "ungetumia wingu", bando mtaninunulia nyie?