Siku ya mazoezi kwenye saketi mpya kabisa: nitajuaje kama ni salama kwa pikipiki?

KasiPole

Habari zenu wakuu. Nimejiandikisha kwa siku ya mazoezi ya wazi kwenye saketi (uwanja wa mbio) iliyofunguliwa hivi karibuni. Lami yake bado nyeusi tii. Mpaka sasa yamekimbia magari tu hapo, sisi tutakuwa kundi la kwanza la pikipiki.

Ninaendesha pikipiki ya cc 600 ya silinda nne na nimezoea saketi moja kongwe ambayo kila bonde na kila ufa wake naujua. Hii mpya siijui kabisa. Waandaaji wameandika kwamba ina kibali cha kimataifa, na wenzangu wananiambia lami mpya haina mpinzani kwa kushika tairi. Lakini nimetazama video iliyopigwa ndani ya gari, na nje ya kona ya kulia inayofuata ule mnyoosho mrefu naona reli ya chuma, mbele yake kipande kifupi tu cha majani. Sijaipenda.

Niulize nini kabla ya kumalizia malipo? Na mkifika kwenye saketi msiyoijua, mizunguko ya kwanza mnaiendaje? Nina watoto wadogo, kwa hiyo naomba majibu ya watu waliofanya, sio ya kunitia moyo tu.

MoshiMweupe

Mkuu nenda. Saketi mpya ni pana, haina mashimo, na barabarani unapishana na malori, mbwa na mchanga kila siku bila kumuuliza mtu kibali. Ingia kundi la wanaoanza, weka tairi nzuri, basi.

BenderaNjano

KasiPole, umeona vizuri. MoshiMweupe yuko sahihi kuhusu malori, ila barabarani huvuti mafuta yote mpaka gia ya nne huku mbele yako kuna reli.

Mimi nilisimama kwenye kona na bendera mkononi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha waendeshaji. Kazi ile ilinizoesha kuitazama saketi kuanzia nje. Lami naitazama mwisho. Kwanza natazama mtu akianguka hapa ataishia wapi, pikipiki yake itaishia wapi, na nani atamfikia.

Anza na hicho kibali. Waulize kimetolewa na nani na kwa ajili ya nini. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hukagua saketi kwa ajili ya magari, na FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki, kwa ajili ya pikipiki, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Dereva wa gari ana mkanda na chuma pande zote. Reli yenye matairi yaliyofungwa mbele yake inaweza kumwokoa vizuri kabisa. Mwendeshaji wa pikipiki anafika kwenye reli hiyo hiyo kwa mgongo au kwa shingo. Kinachomwokoa ni nafasi ya kuteleza mpaka mwendo uishe, na pale nafasi isipotosha, vizuizi laini vilivyojazwa hewa. Saketi nyingi huvipanga vizuizi hivyo wakati wa mashindano tu, kisha vinarudishwa stoo. Kwa hiyo usiulize kama wanavyo. Uliza kama siku yenu vitakuwa vimejazwa na kupangwa, na kwenye kona zipi.

Sasa hiyo kona yako ya kulia. Kwenye kilomita 200 kwa saa unakula zaidi ya mita 55 kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne, na hesabu hiyo ni ile ile uwe juu ya pikipiki au unateleza kwa makalio. Ndiyo maana nafasi inayotosha kabisa kwenye kona ya gia ya pili haina maana yoyote mwisho wa mnyoosho. Na majani usiyahesabu kama nafasi. Yakilowa yanakupeleka kama sabuni, yakikauka yanaweza kuficha tuta linalokupindua.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitazami ni njia ya pikipiki isiyo na mtu. Agosti 2020 kwenye saketi ya Red Bull Ring, Austria, kwenye MotoGP (daraja la juu la mbio za pikipiki za dunia), waendeshaji Zarco na Morbidelli waligongana kabla ya kona ya tatu, na pikipiki zao zikavuka barabara mbele ya wenzao Rossi na Viñales waliokuwa tayari wanageuka. Zilipita karibu nao mno. Saketi ile iliongezewa kona mbili za kupunguza mwendo kufikia mashindano ya 2022. Saketi mpya huchorwa zikijikunja ili zienee kwenye kiwanja, kwa hiyo fungua ramani utafute sehemu ambapo mnyoosho unaelekea kwenye kona iliyo ng'ambo. Ukiipata, uliza kuna nini katikati.

Kuhusu lami mpya, wenzako wamekupa nusu ya habari. Baada ya muda hushika vizuri sana. Lakini mwanzoni juu ya kokoto kuna utando wa bitumini (ile gundi nyeusi ya lami) ambao haujalika, kuna vumbi la ujenzi, na hakuna raba iliyokwisha kupakwa na tairi za watu. Magari yakiwa yametangulia, njia yao si yako. Wao hukata kona kwa namna nyingine, na raba waliyoiacha haiko mahali unapoihitaji. Kwenye saketi ya Mandalika, Indonesia, Februari 2022, waendeshaji wa MotoGP walikuta uchafu mwingi kiasi kwamba waliombwa wazunguke ili kusafisha njia. Baadaye kokoto zikaanza kung'oka na kuwapiga walio nyuma. Sehemu ya saketi ikawekwa lami upya kabla ya mashindano ya Machi, na bado siku ya mbio mizunguko ilipunguzwa kutoka 27 hadi 20. Hao ni waendeshaji bora wa dunia. Ukiona mwenzako aliye mbele anarusha vijiwe, mpe nafasi, usimng'ang'anie.

Na mvua. Saketi ya Silverstone, Uingereza, iliwekwa lami mpya 2018, na Agosti mwaka huo huo mbio za MotoGP zikafutwa kwa sababu maji yalituama. Siku moja kabla, mwendeshaji Tito Rabat alianguka kwa ajili ya maji hayo. Alipokuwa nje kwenye changarawe, pikipiki ya Morbidelli iliyoteleza mahali pale pale ikamfuata na kumvunja mguu. Hili nawaambia wanafunzi wangu wote: mahali ulipoanguka wewe ndipo atakapoanguka wa nyuma yako. Ukisimama tu, ondoka, kimbilia nyuma ya kizuizi, pikipiki iache. Nimewaona watu wanarudi kuinua pikipiki huku wengine wanakuja, na koo yangu iliumia kwa kupiga kelele.

Mwisho, watu. Kwenye saketi kongwe wapeperusha bendera wanajua kona yao ina tabia gani. Kwenye saketi mpya huenda ni siku yao ya kwanza pia, au wamezoea magari. Uliza kila kona ina mtu, na kila mtu anamwona mwenzake wa mbele na wa nyuma. Uliza magari ya wagonjwa ni mangapi, na moja likitoka kwenda hospitali mazoezi yanasimama au yanaendelea. Jibu pekee ninalolikubali ni kwamba yanasimama kama hakuna lingine. Muandaaji akijibu hilo kwa kusitasita, mimi siendi, hata kama nimekwisha lipa.

FundiSpana

BenderaNjano amesema ya saketi, mimi naongezea ya chombo, maana nusu ya ajali ninazoziona chanzo chake ni pikipiki ya mtu mwingine aliyemwaga kitu.

Mwaga ile kulanti (maji ya kupoza injini) yenye glikoli kwenye rejeta, jaza maji matupu. Glikoli ikimwagika kwenye lami haikauki upesi, na kwenye lami mpya isiyo na raba ndiyo balaa kabisa. Nati ya kumwagia oili na filta yake zifungwe kwa waya. Pedi za breki zikiwa zimebaki nusu, badilisha. Mafuta ya breki kama ni ya mwaka juzi, badilisha. Vioo vitoke, taa zipigwe tepu.

Upepo wa tairi: kipimo cha barabarani ni kikubwa mno kwa saketi, lakini usichukue namba ya jirani yako. Kila tairi lina namba yake, itafute kwa mtengenezaji, na uangalie kama ni ya tairi baridi au la moto. Pima mara tu unapoingia piti (sehemu ya kusimamia pikipiki kando ya njia).

Ovaroli ya ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vilivyounganishwa kwa zipu kuzunguka kiuno chote. Helmeti yenye alama ya ECE 22.06. Kinga ya mgongo ya EN 1621-2 daraja la pili, na ya kifua usiiache. Fulana ya hewa, ile inayojaa ukianguka, kama unaimudu nunua. MotoGP wameifanya lazima tangu 2018 na hawakufanya hivyo kwa mapambo.

Kona_ya_Mwisho

Swali kwa BenderaNjano. Saketi nyingi mpya zina lami pana nje ya kona badala ya changarawe. Mimi napenda lami: ukikosa breki unatoka, unarudi, siku inaendelea. Changarawe ikikunasa inakugeuza kichwa chini. Kwa nini watu wa pikipiki wanalilia changarawe?

BenderaNjano

Kwa sababu unazungumzia aliyebaki juu ya pikipiki. Kwake yeye lami ni nzuri, nakubali. Aliyeanguka hana breki tena. Ngozi na plastiki vinateleza kwenye lami kwa muda mrefu, na mtu anaweza kufika ukutani pamoja na chombo chake. Juni 2016, Barcelona, Luis Salom wa Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, aliangukia kona ya 12, akapita kwenye lami ya nje hadi kizuizini ambako pikipiki yake ilikwisha kufika. Alifariki. Wikendi ile ile wakabadilisha njia ili watu wafike pale polepole zaidi.

Mimi nataka vyote viwili: lami karibu na ukingo kwa aliyechelewa breki, kisha changarawe yenye kina kabla ya kizuizi. Changarawe iliyochimbuliwa, si iliyoshindiliwa na mvua ikawa ngumu. Ukiikanyaga kwa buti na mguu hauzami, hiyo haipunguzi mwendo wa mtu.

KasiPole

Asanteni sana wakuu. Nimewapigia waandaaji. Kibali ni cha FIA, cha FIM wanasema ukaguzi bado. Magari ya wagonjwa mawili, na moja likitoka la pili linabaki. Yote mawili yakitoka wanapeperusha bendera nyekundu na kila mtu anarudi. Vizuizi vya hewa wanakodi kwa kona tatu. Nilipouliza ile kona ya kulia walisema haimo kati ya hizo tatu, lakini wataweka koni kwenye mnyoosho ili watu wapunguze mwendo na kupita kama zigizaga. Pia wanaturuhusu kuitembelea saketi kwa miguu jioni ya kuamkia siku hiyo. Je, inatosha?

BenderaNjano

Majibu ya magari ya wagonjwa yamenyooka, nimeyapenda. Koni nazikubali endapo tu zitakuwa mbali vya kutosha kabla ya kona, ili asiwepo mtu wa kuzipita na kuvuta mafuta tena mpaka gia ya nne. Waombe wakuonyeshe kwenye ramani. Kama wanaziweka mita 50 kabla ya kona, wamehamisha tatizo tu, maana watu watafunga breki kwa pamoja kwenye koni zenyewe.

Hiyo jioni ya kutembea usiikose. Tembea kwa mwelekeo wa mbio, kwenye mstari ambao ungeupita, uchuchumae mara kwa mara. Macho yakiwa juu mita moja na nusu hutaona miinuko na mabonde. Pitisha kiganja kwenye lami, tazama kama kinarudi na vumbi au vijiwe. Kanyaga rangi ya kingo za kona. Ikiwa laini kama kioo, ukingo huo usiuguse kabisa kukiwa na unyevu. Tafuta mifuniko ya mitaro ya maji. Mimi huchagua alama za breki wakati huo huo, na nachagua vitu visivyohama: nguzo, mwisho wa uzio, ufa wa lami. Koni na kivuli cha mti havifai.

Kipindi cha kwanza nenda gia moja juu ya unayodhani, bila kutumia breki kwa nguvu, ujifunze tu kona zinaelekea wapi. Hesabu kona za kushoto na za kulia. Sachsenring, Ujerumani, ina kushoto kumi na kulia tatu, na kona ya 11 imewaangusha hata mabingwa kwa sababu upande wa kulia wa tairi umepoa baada ya kona saba mfululizo za kushoto. Video uliyotaja inaonyesha kushoto nyingi kabla ya ule mnyoosho? Kama ndivyo, kona yako ya kulia inakuja huku tairi lako likiwa baridi upande huo, na reli iko nje. Hapo mimi ningefunga breki mapema siku nzima, hata kundi zima likinipita.

KasiPole

Nimeirudia video sasa hivi. Kushoto nne, mnyoosho, kisha hiyo ya kulia.

BenderaNjano

Basi waandikie usiku huu huu, waombe vizuizi vya kona moja kati ya zile tatu vihamishiwe hapo. Waeleze sababu ya tairi, wataelewa, na kama wana mtu wa pikipiki kwenye timu yao hatabisha. Wakikataa, waulize kama wanaweza kuanzisha koni mita 200 kabla na kumweka mpeperusha bendera wa ziada. Wakikataa na hilo, mimi ningesubiri ukaguzi wa FIM uishe.

KasiPole

Nimewatumia. Malipo yaliyobaki nimeyashikilia mpaka wajibu.