Naomba ushauri: ruzuku ya miezi 12, utafiti wa misimu miwili

Wakuu, habari zenu. Nasomea uzamivu wa sayansi ya mazao. Nachunguza kilimo cha mtama uliochanganywa na kunde ili kupunguza mbolea ya viwandani, kwani bakteria wa mizizi ya kunde hunasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho ambacho mazao huhitaji.

Nimepata mfuko wa hisani, ila unafadhili miezi 12 tu na haulipi gharama za uendeshaji za chuo. Majaribio ya msimu mmoja nani atayaamini? Mvua ikigoma, kwisha kazi. Nimeomba muda zaidi, wamekataa. Chuo nacho kinadai asilimia yake ya ruzuku kwa ajili ya gharama hizo za uendeshaji.

Je, niombe fedha za msimu wa kwanza kisha nitafute mfadhili wa pili? Na hiyo asilimia, mliopitia haya mliimalizaje na chuo?