Unga wa njano wa FeCl4⁻ umeharibika nilipouosha

FuweleMpya: Wakuu, habari zenu. Natengeneza chumvi ya tetraethilamonia yenye FeCl4⁻, yaani ayoni ya chuma(III) iliyoshikwa na kloridi nne. Nimeyeyusha gramu 2.70 za FeCl3·6H2O (kloridi ya chuma(III) yenye maji) na gramu 1.66 za kloridi ya tetraethilamonia, kila moja kwenye ethanoli, nikachanganya. Ukatuama unga wa njano safi. Nilipouosha kwa maji baridi, mwingi ukapita na maji, uliobaki kwenye chujio una rangi ya kutu. Nimekosea wapi?

Chujio: Ni maji, mkuu. Yakiwa mengi yanaipokonya FeCl4⁻ kloridi zake nne na kukaa mahali pake. Asidi isipotosha, chuma kinaishia kuwa haidroksidi ya kahawia. Ndiyo hiyo kutu. Hata FeCl3·6H2O ya chupani haina FeCl4⁻ ndani yake: chuma kimeshikwa na kloridi mbili na molekuli nne za maji, kloridi ya tatu iko pembeni.

Vipimo vyako ni sawa, milimoli 10 kwa 10. Punguza ethanoli, ongeza matone machache ya asidi kali ya haidrokloriki (HCl), poza kwenye barafu, chuja kwa pampu, kisha osha kwa ethanoli baridi, mililita 2 tu kila mara. Kwa vipimo hivyo huwezi kupata zaidi ya gramu 3.28 za chumvi kavu; ukizidisha hapo, bado haijakauka.

Etha_Juu: Ayoni hiyo hiyo hutumika kuondoa chuma kingi kwenye sampuli kabla ya kupima nikeli au aluminiamu. Weka sampuli kwenye HCl ya molari 6, tikisa na etha: njano yote inahamia tabaka la juu. Chuma(II) hakihami, kwa hiyo kioksidishe kwanza kwa peroksidi ya haidrojeni, halafu chemsha hadi peroksidi iishe, upoze, ndipo etha iingie. Ukiruka hatua hiyo ya kuchemsha unahatarisha mlipuko. Moto usiwepo karibu kabisa.

FuweleMpya: Asanteni sana. Na kile kimiminika chenye FeCl4⁻ kinachofuata sumaku, kinatengenezwaje?

Chujio: Koroga gramu 1.75 za kloridi ya 1-butili-3-methilimidazolia na gramu 2.70 za FeCl3·6H2O, bila kiyeyushi. Yabisi zote mbili zinalainika zenyewe, maji yanajitenga juu, chini kinabaki kimiminika cha kahawia iliyokolea. Kila FeCl4⁻ ina elektroni tano zisizo na wenza, hivyo sumaku kali ya neodimiamu inakivuta. Sumaku dhaifu haitakuonyesha kitu.