Re: EBT inafanya kazi soko la wakulima?

Dada uliyeuliza jana kuhusu EBT (kadi ya fudistempu, msaada wa chakula wa serikali hapa Marekani), inafanya, ila usiende moja kwa moja kwa muuzaji ukamnyooshea kadi, wengi hawana mashine. Tafuta kwanza meza ya wenye soko, mara nyingi iko pale pa kuingilia, unawaambia unataka kutoa dola ngapi wanaswaipu wanakupa tokeni za mbao au vikaratasi, ndo unazunguka navyo ukinunua. Na ukiwa hapo mezani uliza kama wana Double Up au mpango wowote wa kuongezea maana utamu uko hapo, unatoa dola 10 za fudistempu wanakupa 10 nyingine za matunda na mboga. Hii kitu ilianzia Detroit 2009, sasa iko majimbo mengi ila kila mahali wana kiwango chao cha siku, kwahiyo usigombane na wale watu wa mezani eti shemeji yako jimbo lingine anapata zaidi 😅

Chenji kwa tokeni za SNAP (ndo hiyo fudistempu) hamna, mwambie muuzaji akujazie tu. Chakula cha moto hapana, sabuni hapana, maua hapana. Lakini mbegu na miche ya mboga RUHUSA, na hii wengi wetu hatuitumii kabisa, mche mmoja wa nyanya kwenye ndoo pale barazani unakula mpaka baridi inaanza.

Wenye watoto wadogo ulizeni WIC (mpango wa chakula wa akina mama na watoto wadogo) kuhusu vocha za soko la wakulima, hizo ni mbali na kadi ya WIC yenyewe na ni za msimu, zikipita tarehe zimekufa. Na ni mazao ya hapohapo tu, ndizi zilizokuja na meli hazimo.

----

Asante sana kaka. Mi nalima mchicha na matembele, je naweza kupokea hizo tokeni au mpaka niwe na mashine?

----

Mama, kama soko lenyewe limesajiliwa na USDA (wizara ya kilimo) unapokea tu, jioni unawapelekea tokeni wao wanakulipa baadae, we ongea na meneja wa soko kabla msimu haujaanza. Ukitaka usajili wako mwenyewe kuomba ni bure.

Ila jamani wale mliokuja kama wakimbizi na green card (kibali cha kuishi kudumu) bado, sheria ya Julai 2025 imewatoa kwenye SNAP mpaka muipate. WIC haiangalii makaratasi ya uhamiaji, na mtoto mwenye uraia bado anaweza kuombewa SNAP yake, msikae kimya.