FOSDEM ya Brussels, mikutano ya Python na Django ya Afrika, au nibaki Dar? Naomba ulinganisho

Fundi_Kijitonyama (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Natengeneza programu kwa kujitegemea, mwaka wa sita sasa. Sina bosi wala kampuni ya kunikatia tiketi. Mkate wangu ni mifumo ya maduka na shule, ila usiku natunza maktaba ndogo (msimbo ambao wengine huuchomeka kwenye programu zao) ya lugha ya Python, programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya hundi na risiti. Ukiipa 1,250,000 inakurudishia "milioni moja, laki mbili na elfu hamsini". Wapo wanaoitumia ambao hata siwajui.

Nimetenga milioni nne. Mwaka ujao nataka nihudhurie mkutano mmoja wa programu huria, mmoja tu. Nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni FOSDEM, Brussels, ambayo hufanyika mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari. Kiingilio bure, hata kujisajili hakuna. Gharama ni nauli, malazi na viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya.

Ya pili ni PyCon Africa, ya watu wa Python, au DjangoCon Africa, ya watu wa Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti). Hizi zinahamahama. PyCon Africa ilianzia Accra 2019, ikarudi hapo hapo 2024, 2025 ikaenda Johannesburg. DjangoCon Africa ilikuwa Zanzibar 2023, kisha Arusha Agosti 2025. Ya Arusha niliikosa kwa ujinga wangu: nilikuwa na mteja aliyetaka mfumo wake "wiki hii hii", na salio lake hajalipa mpaka leo.

Ya tatu ni kubaki nyumbani, niangalie video, hela ninunue laptopu mpya. Mke wangu yuko upande huu.

Nawasilisha.

Shangazi_Linux

Kaka, FOSDEM nimefika mara moja, wakati ule nimeajiriwa, kwa hiyo karatasi zangu zilikuwa nyepesi.

Jiandae kisaikolojia. Ni chuo kikuu, ile kampasi ya Solbosch ya ULB, na vyumba vingi vinaendesha mada kwa wakati mmoja. Watu ni maelfu. Nilikuwa na ratiba yangu nimeipigia mstari kwa kalamu kabisa. Mada ya kwanza nafika mlangoni nakuta karatasi imebandikwa: chumba kimejaa. Ya pili, imejaa. Kijana wa kujitolea kasimama mlangoni, kila akitoka mtu mmoja anaingiza mmoja, kama konda wa daladala wa enzi zile za "simama na ukae". Nje mvua ya baridi, koti limelowa. Nikaenda kununua chipsi nikala nimesimama.

Nilichokuja kugundua mchana ni kwamba mada zote zinarekodiwa na kuwekwa mtandaoni bure. Kwa hiyo ukienda kukaa vyumbani umelipa nauli kuangalia video. Utamu uko kwenye meza za miradi huko kwenye korido. Pale unakutana uso kwa uso na mtu anayetunza kitu unachokitumia kila siku. Mimi nilisimama kwenye meza moja dakika arobaini, tukafungua hitilafu niliyoiripoti miezi minane nyuma, akairekebisha mbele yangu huku anakula waffle.

Ila kama huna mradi ambao watunzaji wake wako pale, utazunguka unakusanya stika tu.

Mzee_wa_Tandika

Ngoja niseme upande ambao Shangazi ameupita kwa haraka, wa karatasi.

Mimi najitegemea kama wewe, na niliomba viza kwenye ubalozi mmoja wa huko huko Ulaya kwa ajili ya mkutano. Nikanyimwa. Sababu ilikuwa ile ya kawaida, hawajaridhika kwamba nitarudi. Ada ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Hayo yote unalipa kabla hujajua kama unaenda.

Aliyeajiriwa anapeleka barua ya mwajiri na ruhusa ya likizo, kazi imeisha. Wewe utapeleka nini? Mimi nilipeleka stetimenti ya benki ya miezi sita, na humo hela inaingia kama mvua ya vuli: mwezi huu milioni tano, miezi miwili kimya, halafu milioni tatu siku moja. Afisa akiona hivyo anadhani umekopa kwa shemeji ili akaunti inenepe.

Na hapa kuna mtego watu hawauoni. FOSDEM ni bure na haina usajili, sawa, lakini maana yake huna tiketi wala namba ya usajili ya kuambatanisha. Unamwambia afisa "naenda mkutanoni", anakuuliza uthibitisho uko wapi, unamwonyesha tovuti!

Kama umeamua kwenda, anza mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Peleka usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, TIN, cheti cha kulipa kodi (kodi ya TRA, sio ile unayoandika usiku), na mikataba ya wateja inayoendelea baada ya tarehe ya kurudi. Hiyo mikataba ndiyo barua yako ya mwajiri. Mimi sikuwa nayo, nilikuwa nafanya kazi kwa kuelewana WhatsApp.

chapchap_mbagala

Nunua laptopu. Uzi ufungwe.

Ramani_255

@chapchap_mbagala acha hizo bwana.

Vijana mnasahau kwamba dunia iliwahi kutufuata hapa hapa. FOSS4G ya 2018, ule mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, ulifanyika Dar, pale Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Mimi nilikwenda kwa daladala, nikashuka Posta na begi langu. Waliotengeneza vitu nilivyokuwa navitumia kila siku walikuwa wamekaa meza ya pili wanahangaika na pilipili.

Na haikuwa bahati tu. Kabla ya hapo vijana wa hapa, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walikuwa wameshapita Tandale na kwingineko na Ramani Huria, wakichora mitaro na njia kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia, kwa sababu ya mafuriko. Tulikuwa na kitu cha kuonyesha. Wageni walikuwa wanatuuliza sisi maswali.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mkutano gani, jiulize ni wapi watu watakuuliza wewe maswali. Brussels nani atakuuliza kuhusu laki?

Binti_Kirumba

Nilikuwa Arusha Agosti 2025, nimetoka Mwanza kwa basi. Nitaongea kuhusu sprinti, maana ndizo zilizonibadilisha.

Baada ya siku za mada kuna siku za kukaa pamoja na laptopu, kila meza na mradi wake, mnarekebisha hitilafu. Hakuna jukwaa. Nilikaa na mtu ambaye jina lake nalijua kutoka kwenye historia ya Django yenyewe, na akanisubiri nikihangaika na git yangu (programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo) bila kunyoosha mkono kushika kibodi. Badiliko langu la kwanza lilikuwa mstari mmoja kwenye nyaraka. Mstari mmoja! Nilipiga picha skrini nikamtumia mama.

Kuhusu gharama: walikuwa na fungu la kusaidia nauli na malazi, lazima uombe mapema na ueleze unachofanya. Wanaojitegemea tunaona aibu kuomba, tunadhani ni la wanafunzi. Sio. Na ukikubaliwa kutoa mada, unakuwa na barua yenye jina lako ndani yake, ile aliyoikosa Mzee wa Tandika.

@Fundi_Kijitonyama maktaba yako nimeijaribu leo. Nimeipa 100,005. Imeniandikia "laki moja na tano". Sasa hiyo hundi ipeleke Kariakoo uone. Nani pale hatasoma 105,000?

Fundi_Kijitonyama

Dah.

Binti, umeniua. Nimejaribu na 200,050, imetoa "laki mbili na hamsini". Hiyo mtaani ni 250,000 moja kwa moja. Miaka mitatu iko hivi na hakuna aliyesema.

Mzee_wa_Tandika

Na ukiondoa laki ukaandika "elfu mia moja na tano" bado ni yale yale. Tano shilingi au tano elfu?

Shangazi_Linux

Hiyo ndiyo mada yako, kaka. Dakika 25 za hapo hapo. Mkorea au Mholanzi hawezi kukusaidia, ila ukumbi wenye Watanzania, Wakenya na Wakongo mtagombana mpaka chai ipoe.

Fundi_Kijitonyama

Sawa, nimeelewa. Nasubiri wito wa mada (tangazo la kutafuta watoa mada) wa PyCon Africa na DjangoCon Africa, utakaotoka kwanza naingia nao, na fungu la nauli naomba bila aibu. Milioni mbili zinabaki akaunti ya biashara zisiguswe, na wateja wawili wa shule nawaandikia mkataba mwezi huu. FOSDEM tutaonana nayo stetimenti ikitulia.

Mke nimemwambia. Ameuliza kwa hiyo laptopu inanunuliwa au hainunuliwi.

@Binti_Kirumba hitilafu nimeifungulia tiketi, yaani ukurasa wa kuijadili kwenye mradi, nimeipa jina "100,005". Mapendekezo yawekwe kule. Mimi naona bora "laki moja na shilingi tano", lakini sasa asiyehesabu shilingi afanyeje?

chapchap_mbagala

Weka "laki moja kamili na tano".

Binti_Kirumba

@chapchap_mbagala kamili na tano?? Njoo kwenye tiketi tukusute vizuri.