Majirani wa Bwiru: Jumamosi ya kuzunguka ghuba ya Mwanza

*Ijumaa*

[20:14] Dotto: Jamani, kesho ipo palepale. Tunaondoka saa moja asubuhi. Nyegezi, Buhongwa, Usagara, tunavuka daraja la Kigongo, tunakula Busisi, halafu Sengerema mpaka Kamanga, tunarudi mjini kwa kivuko. Ghuba yote tumeizunguka.

[20:16] Mama Neema: Mafuta ya gari wametoa wanne tu na tupo saba. Sitaji mtu.

[20:17] Juma: Mimi mnitoe, kesho nipo zamu.

[20:25] Mzee Masanja: Hamjambo wanangu.

[20:25] Dotto: Shikamoo mzee

[20:25] Ng'wasi: Shikamoo babu

[20:27] Mzee Masanja: Marahaba. Hiyo safari mmeipanga kichwa chini miguu juu. Vukeni Kamanga asubuhi, daraja mrudie jioni. Daraja halina mawimbi.

[20:29] Dotto: Mbona hata asubuhi upepo upo mzee? Leo alfajiri ulikuwa unapiga bati langu mpaka nikaamka.

[20:34] Mzee Masanja: Huo unatoka nchi kavu unaingia ziwani. Kelele zake ziko kwenye bati lako, ukingoni hapa haujapata nafasi ya kulea wimbi. Jua likishachoma ardhi unageuka. Unatoka kaskazini, ziwa kubwa kule, unaingia ghubani bila kizuizi. Ghuba yetu imelala kaskazini na kusini. Kivuko kinakata magharibi kuja mashariki. Piga hesabu wimbi linakigonga wapi.

[20:35] Ng'wasi: Ubavuni 😳

[20:35] Mzee Masanja: Huyu alisoma.

[20:38] Mama Neema: Baba, tatizo ni dagaa. Wiki hii ni giza, hakuna mbalamwezi, wanatoka kwa wingi, na nataka wabichi wa Kamanga. Nikiwanunua asubuhi mtashinda nao ndani ya Noah kutwa nzima.

[20:39] Baba Kulwa: Hapana. Dagaa wabichi na jua, ndani ya gari langu, hapana. Kamanga iwe mwisho.

[20:41] Mzee Masanja: Haya. Chombo ni kikubwa, kitawafikisha. Ila mtu asishibe sana.

*Jumamosi*

[08:50] Dotto: [picha]

[08:51] Juma: Ndo daraja hilo? Tangu lifunguliwe Juni 2025 sijakanyaga.

[08:53] Dotto: Lenyewe. Kilomita 3 juu ya maji, unamaliza wimbo mmoja redioni umefika. Baba Kulwa kakataa kusimama katikati, anasema gari linasukumwa.

[08:54] Baba Kulwa: Linasukumwa kweli. Noah imesimama kama kabati, upepo unaikamata ubavu mzima. Nimeshika usukani kwa mikono miwili.

[08:55] Mama Neema: Sasa anayeandika ni nani

[08:55] Baba Kulwa: Naamuru, Ng'wasi anaandika.

[08:59] Juma: Pale Kigongo nimewahi kusubiri kivuko mpaka nikamaliza mahindi, karanga na hamu ya safari.

[11:20] Ng'wasi: [ujumbe wa sauti, 0:48]

[11:22] Juma: Nimesikiliza wote. Ni vuuuuuu mwanzo mwisho, halafu mtu anasema "chumvi".

[11:26] Dotto: Tupo Busisi, karibu na maji. Mama wa samaki amekinga jiko kwa bati tatu na bado mkaa unajipuliza wenyewe. Sato anaiva nje, ndani bado. Amemgeuza mara tatu akituangalia kama sisi ndo tumeuleta upepo.

[11:31] Mama Neema: Huyu mama ananisikitisha. Anasema foleni ya kivuko ndo ilikuwa wateja wake. Basi likisimama saa nzima watu wananunua tu, hata asiye na njaa. Sasa magari yanapita juu huko yanaunguruma, yeye yuko chini na sinia. Anawaza kuhamia barabarani ila huko kiwanja kina wenyewe. Nimemwongezea samaki wawili ambao sikuwahitaji.

[11:33] Mzee Masanja: Ni sato au sangara?

[11:33] Mama Neema: Sato baba.

[11:36] Mzee Masanja: Vizuri. Sangara tuliletewa miaka ya 1950, amekula furu wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka watoto wa siku hizi hawawajui. Simsusi, nyama yake nzuri, ila sijamsamehe.

[11:40] Ng'wasi: Nataka kuingiza miguu kwenye maji

[11:40] Mama Neema: Penye majani na konokono pale? Kichocho hicho. Kaa hapo kwenye jiwe upigwe picha.

[11:52] Ng'wasi: [picha]

[11:53] Juma: Nywele zote zimehamia upande wa Sengerema 😂

[15:38] Dotto: Tumeingia kivukoni Kamanga. Noah ipo mstari wa mbele. Dagaa ndoo mbili.

[15:41] Juma: Nawaona! Siyo nyie, maji. Nipo ghorofani huku mjini, ziwa limekuwa jeupe mpaka kisiwa cha Saanane.

[15:42] Mzee Masanja: Dotto. Povu liko kwenye mawimbi yote au mojamoja?

[15:44] Dotto: Mengi mzee. Karibu yote.

[15:46] Mzee Masanja: Basi nahodha atapandisha kwanza kaskazini, alitazame wimbi usoni, ndipo akunje ashuke nalo. Msishangae mkiona anaelekea kusiko. Shukeni garini. Maboya mmeona yalipo?

[15:47] Dotto: Tumeyaona. Ng'wasi keshavaa.

[15:48] Juma: Mimi mama yangu tangu MV Bukoba, 1996, hapandi chombo chochote cha

[15:48] Dotto: Juma, siyo sasa hivi.

[15:48] Juma: Samahani.

[15:55] Ng'wasi: Wimbi limepanda mpaka kwenye kioo cha Noah!!! Kuna kaka alikuwa anauza miwani, ameshika nguzo kwa mkono mmoja na ubao wa miwani kwa mwingine, na bado anatuuliza "dada, nikupe ipi?"

[15:57] Baba Kulwa: Mama Neema kaiweka ndoo moja katikati ya miguu, nyingine kafunika kwa khanga na kuikalia. Hasemi kitu. Mara ya kwanza tangu Usagara.

[16:01] Dotto: AMEKUNJA MZEE. Kama ulivyosema. Sasa tumetulia, wimbi linatusukuma kwa nyuma, watu wameanza kuongea tena.

[16:02] Mzee Masanja: Mm.

[16:09] Ng'wasi: Jiwe la Bismarck naliona. Hapa ndo pazuri jamani, mawe yote yanang'aa, maji yanapasuka chini yake. Kule Busisi nilipiga picha hamsini, zote mbaya. Hapa moja tu, mikono inatetemeka, na ndo nzuri.

[16:10] Ng'wasi: [picha]

[16:24] Dotto: Tumeshuka. Wote saba.

[16:24] Juma: Sita. Mimi nipo kazini.

[16:25] Dotto: Wa saba ni yule muuza miwani, tumempa lifti. Baba Kulwa kanunua jozi mbili.

[19:02] Mama Neema: Dagaa ndoo moja nimewagawa kwenye mabakuli, kila nyumba ije ichukue usiku huu. Ndoo ya pili naanika kesho juu ya chanja. Upepo kama huu, jioni wanakatika kwa mkono, mchanga hauwagusi.

[19:10] Mzee Masanja: Mimi niletewe na mtoto, magoti hayataki ngazi.

[19:11] Ng'wasi: Nakuja babu.

[19:20] Baba Kulwa: Ile ndoo iliyokaliwa imevuja chini ya kiti. Noah inanuka mwaloni mtupu, kama soko la samaki.

[19:22] Mama Neema: Mwaga majani makavu ya chai, acha milango wazi usiku kucha. Upepo utaondoa yote.

[19:23] Baba Kulwa: Milango wazi, na paka wa Bwiru hawa?