Ditekta na sarafu za kale: kila mtu aruhusiwe au ipigwe marufuku?

Mkaa Shambani
Wakuu naomba tulijadili hili. Kuna watu wanataka ditekta, vile vifaa vinavyolia vikigundua madini ardhini, zipigwe marufuku kwa yeyote asiye mwanaakiolojia, eti sisi tunaotembea na kifaa mashambani tunaharibu historia. Nakataa. Angalieni Uingereza, mwenye shamba akikuruhusu unaingia, ukipata hazina ya dhahabu au fedha ya zamani unatoa taarifa ndani ya siku 14, makumbusho ikiitaka inalipa na kwa kawaida mnagawana na mwenye shamba. Sheria yao ni ya 1996. Hazina ya Staffordshire ya 2009, dhahabu kilo kama nne, haikupatikana na profesa, ilipatikana na mtu wa kawaida na ditekta yake kuukuu. Ayalandi wamekaza, bila kibali cha maandishi hata kutafuta tu vitu vya kale ni kosa. Sasa nani kafaidika? Vitu vingapi vimelala huko chini vinaliwa na mbolea na kukatwa na plau? Mimi sarafu yangu ya kwanza ya kale ilikuwa imeganda kijani tupu, nikailoweka kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sura ya mfalme imetoka safi. Bila mimi nani angeiona ile sura?

Tabaka la Tatu
Siki usiku mmoja! Mkuu hapo hujaokoa kitu, umekichuna ngozi. Na kwa hilo swali lako jibu ni moja, ipigwe marufuku, mnachofanya ni wizi mlioupa jina la hobi.

Mkaa Shambani
Neno wizi uliondoe. Sijawahi kuweka mguu kwenye shamba la mtu bila kumwomba, nafukia kila shimo, vifuniko vya soda na makopo naondoka navyo mimi, mwenye shamba anabaki na ardhi safi kuliko nilivyoikuta. Mwizi anaomba ruhusa? Mwizi anarudi kumwonyesha mwenyewe alichopata? Wewe umesoma darasani, sawa, lakini usiwaite watu wezi kwa sababu hawana cheti chako.

Nyuki wa Usiku
La siki hujajibu lakini.

Mkaa Shambani
Siki ni siki, sarafu ipo, sura inaonekana. Nijibu nini?

Bi Kutu
Ngoja nikujibu kaka yangu, mimi kazi yangu ni kutunza vyuma vya zamani na hili linaniuma. Ule ukijani sio uchafu wote. Shaba ikikaa ardhini miaka mia na mamia inajijengea utando wake, na mara nyingi maandishi na sura viko kwenye ule utando wenyewe, chini yake chuma kimeshaliwa. Siki inayeyusha utando. Unaona sura siku ya kwanza kwa sababu rangi imebadilika, lakini umeondoa vistari vidogo vya pembeni, herufi na alama ya karakana iliyoigonga, na hivyo ndivyo vinavyosema iligongwa wapi na mwaka gani hivi. Halafu umefungua njia. Ndani ya shaba iliyokaa kwenye udongo wenye chumvi kuna kloridi, kemikali inayotokana na ile chumvi, ikikutana na unyevu na hewa inaanza kutoka vidoti vya kijani cheupe kama unga. Tunauita ugonjwa wa shaba. Unakula mpaka sarafu inabaki matundu.

Plau Moja
Siki inategemea na muda bana. Mimi natumia limau dakika chache tu kisha naosha na maji ya magadi, sijawahi kupata shida. Za fedha natumia karatasi ya alumini na magadi soda na maji ya moto, weusi wote unahama wenyewe. Kuna wengine wanatumia umeme wa chaja, ile inatoa kila kitu.

Bi Kutu
Inatoa kila kitu kweli, na sura pia. Ndugu yangu umeme unaachiwa mtu mwenye vipimo, sio chaja na bakuli jikoni. Na kutopata shida hakukupi uhakika, ugonjwa wa shaba unaweza kukaa kimya muda mrefu halafu msimu wa mvua ukaamka.

Plau Moja
Sasa tufanye nini, tuziache na tope? Si bora mngetufundisha badala ya kutugombeza.

Bi Kutu
Sijagomba. Maji yaliyochujwa chumvi, yale safi ya kuongezea betri, sio asidi yake, loweka, badilisha maji, loweka tena, hata wiki kadhaa. Tope linalolegea litoe na kijiti cha mti, usitumie pini wala brashi ya waya. Ukifika kwenye kijani kigumu simama. Kausha vizuri, weka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Basi.

Nyuki wa Usiku
Nilisikia ukiweka yenye ugonjwa pamoja na nzima zinaambukizana, ni kweli?

Bi Kutu
Haiambukizi kama mafua. Nzima ikiugua ni kwa sababu ilikuwa na kloridi yake ndani na unyevu ule ule umeipata. Ila itenge, ule unga wake usisambae.

Tabaka la Tatu
Tumefika kwenye mapishi ya sarafu na swali limelala. Narudi, na neno nililotumia nitalieleza. Sarafu moja mkononi inasema ya mfalme fulani, imeisha. Sarafu ikiwa pale pale ilipoangukia inakuambia sakafu ile ilijengwa kabla au baada, chungu kile ni cha lini, nyumba iliungua wakati gani. Ukiitoa hilo limekufa, huwezi kulirudisha hata ulie. Mfano Frome, Uingereza, 2010, chungu kimoja chenye sarafu 52,503 za Kirumi, kilo kama 160. Waliokichimba walitoa sarafu tabaka kwa tabaka na kuzihesabu hivyo hivyo, wakakuta sarafu za karibuni zaidi, za mtawala Carausius, nyingi ziko chini kuliko juu. Maana yake hakuna mtu aliyekuwa anadumbukiza akiba kidogo kidogo miaka na miaka, chungu kilijazwa kwa mkupuo. Angekuwa mtu wa kumwaga ndoo sakafuni tungeyajua hayo? Nikisema wizi namaanisha hicho, mnamwibia kila mtu anayekuja baada yenu.

Mkaa Shambani
Na Frome nani alikipata? Si mtu wa ditekta! Akachimba kidogo, akaona mdomo wa chungu, akafukia na kuwaita wataalamu. Umeniletea ushahidi wangu mwenyewe mkuu. Hoxne, huko huko Uingereza, 1992 vile vile, mtu kaenda kutafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, kakuta vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu, akasimama akatoa taarifa, wataalamu wakachimba wenyewe, sarafu kama elfu 15. Hawa nao ni wezi? Bado unalirudia neno lile lile, unalivika koti tu.

Tabaka la Tatu
Hao wawili walisimama. Ndio maana tunawajua. Wewe ungesimama? Mtu aliyeshindwa kuvumilia kijani cha sarafu moja mpaka asubuhi atavumilia chungu kizima?

Mkaa Shambani
Hapo umenivunjia heshima. Hunijui.

Mzee wa Mipaka
Vijana punguzeni moto. Mimi nimepitia kesi hizi kwa muda mrefu, niwape ya Leominster. 2015 watu wawili wakapata hazina ya zama za Waviking, pete, kidani chenye tufe la jiwe angavu kama kioo, na sarafu zinazoaminika kuwa karibu 300. Hawakutoa taarifa, wakaanza kuuza moja moja. Mpaka kesi inaisha zilikuwa zimerudi thelathini na kidogo tu. Na katika hizo chache kuna zenye wafalme wawili wamekaa pamoja, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa pili wa Mercia, falme mbili jirani za Uingereza ya zamani, huyo Ceolwulf ambaye maandishi ya upande wa Wessex yalimfanya kibaraka asiye na maana. Sarafu zinasema walikuwa washirika. Sasa fikirini nyingine mia mbili na zaidi zilikuwa zinasema nini. 2019 mahakama ikawapa vifungo virefu, mmoja miaka kumi, lakini kifungo hakirudishi sarafu. Na hawa walikuwa kwenye nchi yenye sheria ile ile anayoisifu Mkaa, wangetoa taarifa wangelipwa pesa nyingi kihalali.

Plau Moja
Mzee hapo ndipo penyewe, hela. Mwenye shamba anakaa nyumbani, wewe unatembea jua kali miezi, masikio yanalia kwa milio ya misumari na karatasi za alumini, halafu nusu kwa nusu. Kwanini yeye apate sawa na mimi?

Nyuki wa Usiku
Kwa sababu ni ardhi yake??

Plau Moja
Ardhi ni yake ila angekaa nayo miaka mia asingejua kuna kitu. Anayejua kusoma mlio ni mimi. Alumini na dhahabu nyembamba zinalia karibu sawa, ukitaka kupata dhahabu lazima uchimbe takataka zote za alumini, hiyo kazi nani kaifanya?

Mzee wa Mipaka
Kijana, yule aliyezika naye alifanya kazi kuipata. Tukianza kulipana kwa jasho foleni itakuwa ndefu.

Nyuki wa Usiku
Na Uskoti hapo jirani vitu hivyo ni vya taifa, mwenye shamba hana fungu kisheria, aliyepata anapewa zawadi tu. Na watu bado wanatoa taarifa.

Bi Kutu
Denmaki pia. Vitu vya thamani ni vya taifa na aliyepata analipwa, na makumbusho zinafanya kazi pamoja na watu wa ditekta, hawawatazami kama maadui. Ile dhahabu ya Vindelev, karibu kilo moja, aliyeipata mwisho wa 2020 alikuwa mgeni kabisa na kifaa. Wasomaji wa maandishi wakakuta kwenye kidani kimoja jina la Odin, mungu wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, la zamani kuliko yote yanayojulikana.

Tabaka la Tatu
Sawa, hapo nakubali. Nikiacha hasira, ninachotaka sio mtu akamatwe kwa kushika ditekta. Nataka mahali kwanza, kifaa baadaye. Shamba linalolimwa kila mwaka udongo wa juu umeshachanganywa kama sentimita 30, humo tafuteni na muandike mlipopata. Chini ya hapo jembe lisiingie, piga simu. Maeneo ya kale yaliyosajiliwa, msikanyage. Ile sahani ya Nebra Ujerumani, ya shaba yenye picha ya mwezi na nyota, waliichimba wezi wa usiku 1999 wakaigonga na jembe mpaka leo ina jeraha, na polisi waliipata Basel, Uswisi, 2002 kwa kumtegea muuzaji.

Plau Moja
Hiyo sasa tunaweza kuongea. Ila nusu kwa nusu bado siikubali.

Mkaa Shambani
Kama ungeanza hivyo asubuhi tusingefika huku. Neno wizi bado nalisubiri uliondoe.

Tabaka la Tatu
Kwako wewe naliondoa. Lakini nijibu kitu kimoja kwa ukweli. Ile sarafu ya siki uliipata sehemu gani ya shamba, kina gani, na kulikuwa na nini pembeni? Vigae? Majivu?

Mkaa Shambani
Shamba nalijua. Sehemu... upande wa mteremko, karibu na mti mkubwa. Kina kama kiganja. Vigae vilikuwepo vingi vyekundu, nilivitupa pembeni nikaendelea. Sikuandika.

Tabaka la Tatu
Vigae vyekundu vingi karibu na mti. Mkuu pale kuna nyumba.

Mkaa Shambani
Kesho nitamwomba mwenye shamba nirudi niweke alama, bila kuchimba. Bi Kutu naomba msaada mwingine, nimeitoa sarafu sasa hivi kuiangalia. Ina vidoti viwili vya kijani cheupe, upande wa shingo ya mfalme, nikigusa vinatoka unga.

Bi Kutu
Usiguse tena. Usiioshe, usiipake mafuta. Kopo kavu, vipakiti vya kunyonya unyevu vingi, funga kabisa, na uandike kwenye karatasi yale uliyomwambia Tabaka uyaweke humo humo. Kisha uniambie ina ukubwa gani, na kama nyuma kuna herufi yoyote iliyobaki.

Mkaa Shambani
Nyuma kulikuwa na herufi tatu. Imebaki moja, naona kama V.